Kwa Nini Siwafundishi Kudaka

Mmeniuliza mara tatu, na mara tatu nimejitia hamnazo. Kila Jumamosi mchana, zamu ya kudaka mipira ikifika, mimi kocha wenu, niliyekuwa kapteni wa kriketi ya wanawake wa Likasi kwa miaka mingi, nainuka, najipangusa vumbi, naenda kukaa pembeni kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Mmoja wenu, simtaji, alisema ni magoti. Mwingine akasema ni kisukari. Wanangu, magoti yangu ni mabovu kweli, lakini hayahusiki. Sababu ni hii ninayoiandika katika daftari hili, na nitaiandika polepole kwa kuwa inanitia aibu, na mtu mwenye aibu huanza na habari za mbali.

Basi nianze na mwiko wa mama yangu.

Gongo langu la kwanza la kriketi lilichongwa na seremala wa hapa mtaani Panda ambaye hakuwahi kuuona mchezo wenyewe hata siku moja. Alichorewa picha kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Akachukua mbao ya mninga, mti mzito kama dhambi, akachonga wiki nzima, akaniletea kitu kirefu, bapa, kimeviringwa mwishoni, kinang'aa. Mama alikipokea mlangoni kabla yangu. Alikigeuza huku na huku, akakipima mkononi, akasema, "Hii njo mwiko ya bukari. Ya kulisha camp nzima." Wiki hiyohiyo kaka yake alifariki, na bukari, ndiyo ugali wetu, ya waombolezaji ilisongwa kwa gongo langu kwa siku nne. Nilipokwenda nalo uwanjani mara ya kwanza, lilikuwa limeshafanya kazi ya heshima kuliko yoyote niliyoifanya nalo baadaye. Lilinuka unga wa mahindi, na sisimizi walilifuata hadi katikati ya uwanja.

Ninyi mna magongo mepesi yaliyotoka ng'ambo kwa ndege. Msiyatie jikoni.

Kazi yangu, mnaijua, ilikuwa ualimu wa mazoezi ya viungo. Miaka yote hiyo nilipuliza filimbi katika uwanja wa shule, nikawakimbiza watoto wa watu kwenye baridi ya Juni na joto la Oktoba, hadi mwaka jana nilipostaafu nikapewa saa ya ukutani isiyokwenda. Lakini kabla sijawa mwalimu, na nilipokuwa mwalimu, nilikuwa mchezaji. Na kabla ya kriketi nilikuwa kipa wa mpira wa mikono, handiboli, katika timu ya parokia. Watu waliniita Mur, yaani ukuta. Nililipenda jina hilo kuliko jina langu la ubatizo. Nikipita sokoni mtu akiita "Régine", sikugeuka. Akiita "Mur", niligeuka na mwili mzima.

Kocha wetu wa handiboli alikuwa mzee Donat, fundi mitambo aliyestaafu, mtu wa baiskeli na kofia. Alikuwa na somo moja tu kwa makipa, na alilirudia kama rozari: "Kipa hakamatake mpira. Kipa anafungaka mulango. Ukitaka kukamata, utachelewa." Naye alisema kweli. Katika handiboli mpira unakujia kutoka mita sita, umetupwa na mwanamke mwenye hasira. Huna muda wa kuudaka. Unarusha mkono, unarusha mguu, unarusha hata uso ikibidi, mradi mpira uende kwingine. Miaka minane nilifanya hivyo. Mikono yangu ilijua kazi moja: kupiga mpira uende zake.

Sasa mwelewe hapo penye tatizo. Kriketi inataka kinyume chake. Mpigaji akiupiga mpira juu, ukaudaka kabla haujagusa chini, ametoka. Ukiupiga kofi, umempa zawadi.

Aliyetuletea kriketi ni Mama Kalpana, mke wa mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Alikuwa mdogo wa umbo, na miwani yake ilining'inia kwenye mnyororo. Kwao India alikuwa amecheza chuoni. Wanaume walikuwa na kriketi yao Jumapili, wahandisi na wenye maduka, naye alichoka kukaa kwenye kiti cha kukunja akigawa sambusa. Akaamua kuunda timu ya wanawake. Alikuja kwenye mazoezi yetu ya handiboli na mwavuli, akasimama nyuma ya goli langu, akaangalia nusu saa. Kisha akamwambia mzee Donat kwa Kiswahili chake cha dukani, "Ile mutoto mwanamuke ya mu goli, njo minye nataka. Haogopake mpira."

Mzee Donat akajibu, "Huyu ni wangu."

"Nitamurudisha," akasema Mama Kalpana.

Walinijadili kama sufuria ya jirani. Na mimi, badala ya kukasirika, nilivimba kichwa.

Siku zangu za kwanza za kriketi zilikuwa kichekesho cha bure. Nilisimama mbele ya vile vijiti vitatu ambavyo mrushaji hutaka kuviangusha, nikiwa na mwiko wangu, mrushaji akaja, na mimi, kipa wa damu, nikaona mpira unaelekea vijitini, nikauzuia kwa mguu. Uzuiaji safi. Mzee Donat angepiga makofi. Mwamuzi, mkemia mmoja wa kiwandani, akainua kidole: nimetoka. Katika kriketi mguu ukizuia mpira uliokuwa unakwenda kugonga vijiti, kwaheri. Nikauliza kosa langu. Akanieleza kwa upole. Mara ya pili nikauzuia kwa mguu mwingine. Mara ya tano mwamuzi hakungoja tena, aliinua kidole nilipokuwa bado natembea kuingia uwanjani, na watu wakacheka hadi nami nikacheka.

Uwanja ni huuhuu mnaoukanyaga, lakini wakati ule haukuwa na zulia la kijani. Njia ya kurushia mpira tuliitandika kwa mkanda wa mpira uliochakaa, ile mikanda mipana inayobeba mawe ya shaba kiwandani. Tuliupigilia misumari chini. Nawaambia jambo la maana hapa, kwa sababu vijijini bado mtakuta viwanja vya namna hiyo: asubuhi ya kiangazi mkanda ni baridi na mgumu, mpira unateleza chini, unakuja kwenye vifundo. Saa nane mchana umelainika kwa jua, mpira unaruka hadi kidevuni. Mchezaji mwerevu hukanyaga mkanda kwa kisigino kabla ya kupiga, ajue leo umeamkaje. Mimi sikuwa mwerevu. Mimi nina jino la dhahabu, na sasa mnajua limetoka wapi.

Kuhusu mikono yangu, Mama Kalpana alitumia mayai. Alisema mpira wa kriketi ni mgumu na mikono yangu ni migumu, na vigumu viwili haviwezi kupendana. Akaleta trei ya mayai kutoka nyumbani kwake, akasimama hatua kumi, akanirushia moja. Nikalipiga kofi. Likapasukia kwenye blauzi yake. La pili, kwenye miwani. Alijifuta, akasema, "Mukono haina kichwa, Régine. Inafuataka tu ile kazi ya mwisho uliipatia." Akanieleza: mpira ukija, usiuendee. Ungoje, fungua viganja, ukigusa tu rudi nao nyuma kidogo, kama unavyopokea mtoto mchanga kutoka kwa mama yake. Ilinichukua majuma. Nyumbani kwao walikula kimanda hadi mumewe akalalamika dukani mbele ya wateja. Lakini siku moja nilidaka mayai tisa mfululizo bila kuvunja hata moja, na Mama Kalpana akaketi chini kwenye mkanda, akacheka kama msichana.

Ndipo akanipa sharti. Mwezi mmoja kabla ya mechi yetu na wanawake wa Lubumbashi, nisiguse handiboli. Mwezi mmoja tu, mikono isahau. Nikaapa. Niliapa kwa jina la Bikira Maria, kwa sababu nilikuwa Mkatoliki na kwa sababu nilikuwa mjinga.

Sasa nimefika kwa Bea, na siwezi tena kuzunguka.

Beatrice alikuwa mrushaji wetu. Alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba, mkimya, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tena isipokuwa mara moja, nanyi mmekiona pia, subirini. Alipouachia mpira, kiganja kiligeuka mwishoni kidogo sana, kama mtu anayefunga bomba la maji, na mpira ukigusa mkanda ulikata kona. Wapigaji walipiga hewa. Mama Kalpana alisema chuoni kwao wasichana walifundishwa miaka mitatu na hawakuupata mgeuzo ule. Bea aliupata kwa kutwanga sombe, yaani kisamvu.

Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la uamsho, na katikati ya juma alikuwa na duka kule Kakanda, akiwauzia wachimbaji sabuni, sukari na betri. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba binti mwenye suruali uwanjani ni kelele isiyo na faida, na dukani alihitaji mtu. Bea akamwomba. Baba akafikiri wiki moja, akafunga na kuomba juu yake, kisha akatoa hukumu. Bea aliniletea hukumu hiyo tukiwa tumekaa kwenye mkanda tunavua viatu.

"Baba anasema atakuya kuona," akasema. "Mara moja tu, ile siku ya Lubumbashi. Akiona kitu, ataniacha nicheze. Akikosa kuona, naenda naye Kakanda mu duka."

"Ataona," nikamwambia. "Nani hataona?"

"Weye ukuwe tu nyuma yangu, Régine. Bakipiga mpira juu, ukuwe pale."

"Niko pale," nikasema. "Minye njo Mur."

Mechi ilikuwa Jumapili saa nane. Asubuhi ya Jumapili hiyo, nikiwa napiga pasi suruali nyeupe, mzee Donat alifika na baiskeli yake. Kipa wangu wa akiba alikuwa na malaria. Timu ya Kolwezi ilikuwa imeshafika, iko uwanjani parokiani, na baada ya misa ya mwisho mechi inaanza. "Mutoto yangu," akasema, "bantu banauliza: Mur eko wapi?"

Angesema timu itafungwa, ningekataa. Angenisihi kwa kiapo cha udugu, ningekataa. Lakini aliniambia watu wanauliza Mur yuko wapi. Nikaacha pasi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilidhani walisema hivyo juu ya watu wenye mikono midogo.

Nilicheza vizuri asubuhi ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nasema hivyo kwa uchungu. Nilifunga mlango, dari na madirisha. Kila mpira niliupiga ukaenda zake, na uwanja mzima uliita jina langu. Tukashinda. Nikaangalia saa, nikaanza kukimbia.

Kuna jambo moja la handiboli lazima mlijue. Wachezaji wa mbele hupaka vidole gundi ili mpira usiteleze. Sisi tuliita kole, utomvu wa msonobari uliochemshwa. Kipa hapaki, lakini mpira unampaka. Ukizuia mipira thelathini, viganja vyako vinanata kama karatasi ya kutegea nzi. Maji hayaitoi, yanaiudhi tu. Inatoka kwa mafuta ya mawese, unasugua polepole, unafuta na majivu. Sikuwa na mawese na sikuwa na muda. Niliingia uwanjani Panda nikiwa nimechelewa dakika tano, mikono mfukoni. Mama Kalpana akanitazama. Nikamwambia nilikuwa kwenye misa ndefu.

Baba yake Bea alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho, amevaa suti, Biblia magotini.

Sisi tulipiga kwanza. Mimi nilitoka kwa mguu, kama kawaida yangu, tuyaache hayo. Kisha wao wakapiga, na Bea akaanza kazi. Wanangu, natamani mngeuona mkono ule. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wasichana wa Lubumbashi wenye kofia za chuma, na mmoja baada ya mwingine waligeuka nyuma na kukuta vijiti vimelala. Nilimwona baba mtu akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisogeza kiti mbele.

Mimi nilikuwa mbali, karibu na kamba inayozunguka uwanja. Kila mpira ulionifikia niliuokota nikamrudishia Bea. Katikati ya mchezo mwamuzi aliusimamisha, akaushika mpira, akausugua kwa kidole gumba. Ulikuwa unanata. Akauliza kuna nini. Watu wote wakaangaliana. Mimi nikapaza sauti kutoka kule mbali: umeangukia kwenye utomvu wa mkaratusi. Mwamuzi akaufuta kwa leso, mchezo ukaendelea. Nikajisifu moyoni kwa akili.

Ikafika mahali ukabaki mpira mmoja tu wa kurushwa. Lubumbashi walihitaji mikimbio minne, ndiyo pointi za kriketi, ili washinde. Bea alikimbia, akauachia, kiganja kikafunga lile bomba. Msichana aliyekuwa anapiga, ndiye aliyekuwa bora wao, alidanganyika kabisa, akaupiga na ukingo wa gongo. Mpira ukapanda juu sana, kuelekea kwenye kamba. Ukapanda, ukasimama, ukaanza kushuka, na ulikuwa unanishukia mimi.

Ulikuwa mpira wa kudakwa na mtoto wa shule ya vidudu. Nilikuwa na muda wa kusali. Nilikuwa na muda wa kuwaza: fungua viganja, ngoja, mtoto mchanga. Mikono yangu ilikuwa na gundi ya kuning'iniza sufuria. Ningeweka kiganja kimoja tu chini yake, mpira ungegoma kutoka. Na nikautazama ukija, na mikono yangu, ambayo haina kichwa, ikafanya ile kazi ya mwisho niliyoipa. Ikaupiga. Ikaupiga vizuri sana, kwa viganja vyote viwili, kama nilivyopiga asubuhi yote. Mpira ukapaa juu ya kamba bila kugusa ardhi. Katika kriketi hiyo ni mikimbio sita. Walihitaji minne.

Wasichana wa Lubumbashi wakakimbilia katikati ya uwanja wakishangilia.

Baba yake Bea alisimama, akakunja kiti chake. Alipita karibu nami akielekea kwa binti yake, na hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alimwambia Bea mbele yetu, "Mukono nimeiona. Mungu aliiweka, sitakana. Ni bantu ba kusimama nyuma yako njo sikubaona."

Jumanne Bea alikwenda Kakanda.

Mtasema, ulimwambia nini? Sikumwambia kitu. Nilimwambia jua lilinipiga machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Mama Kalpana nilimwambia hivyohivyo, naye alinitazama viganja, akaniletea kichupa cha mawese kutoka dukani, akakiweka mbele yangu. Sikuacha kriketi, kwa uso wangu mkavu. Nilicheza miaka kumi na tisa baada ya pale, nikawa kapteni, tukaenda Ndola, tukaenda Lusaka, nikadaka mipira mizuri mpaka gazeti moja likaandika. Na handiboli nilicheza pia hadi goti likakataa. Nilishika mbili, na aliyeponyoka alikuwa Bea.

Kakanda si mbali. Mnajua hilo, kaka zenu wanakwenda na kurudi kila siku. Mimi nilifika mara nyingi na timu ya shule, na kila mara nilinunua maji katika duka la upande wa pili wa barabara. Baba yake alipofariki Bea alirudi Likasi na mume na watoto, akafungua meza ya mayai sokoni. Tukakutana kwenye mazishi. Tukaongea juu ya mvua. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa tasa kwa habari hiyo miaka yote.

Halafu masika haya akaja Naomi.

Mnaikumbuka siku ile. Alikuja na sare ya kwaya, akaomba kujaribu, akarusha mpira wa kwanza. Mkasema kocha amepatwa na nini, mbona ameketi chini. Niliona kiganja kinafunga bomba la maji. Sikuhitaji kumwuliza mama yake ni nani, lakini nilimwuliza, na akanijibu, na akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini mama hajue kama niko huku. Nilimuambia niko mu mazoezi ya chorale."

Siku tatu sikulala vizuri. Ningeweza kunyamaza, Naomi akaendelea kuja kwa siri. Ningeweza pia kumfukuza. Njia zote mbili zingeniacha salama, na zote mbili zingemnyima mtoto yule mkono wake, ama leo ama siku mama yake atakapojua. Ilibidi mtu aende kwa Bea kumwombea ruhusa, na mtu huyo hangeweza kuomba kabla hajalipa deni la ukweli. Nikapiga moyo konde. Jumatatu nikaenda sokoni.

Bea alikuwa nyuma ya meza yake, trei zimepangwa hadi kifuani, kitenge cha kijani, miwani kama ya baba yake. Naomi alikuwa kando na sare yake ya kwaya, anafanya hesabu za shule kwenye daftari. Aliponiona akakauka.

"Mama Régine," akasema Bea. "Unataka mayai?"

Nilisema nataka kusema jambo. Nikalisema lote, nimesimama, na wateja wanapita. Misa ndefu iliyokuwa si misa. Mzee Donat na baiskeli. Gundi mikononi. Jua lililokuwa mgongoni. Nilipofika kwenye mkaratusi nikalia pale katikati ya soko, mwanamke mzima na jino la dhahabu. Nikamwambia, mtoto wako ana mkono wako, anakuja kwangu kwa siri, na safari hii sitaki kuficha. Ukikataa, nitamrudisha mwenyewe. Ukikubali, nitasimama nyuma yake.

Bea alipanga trei moja, akaipanga tena.

"Nilijua," akasema. "Tangu ile siku. Ile mpira ilikuwa inanata mu vidole vyangu kila mara uliirudisha. Na ile eucalyptus yako, Régine. Mu ile terrain ya Panda hamukukuwaka muti hata moya. Bantu balikatakata yote ya kuchoma makala zamani."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Miaka yote hiyo niliamini uongo wangu ulikuwa mzuri.

"Juu ya nini haukusema?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nangojea useme weye. Nikasema leo atakuya. Nikaolewa, nikazala, nikazika baba, nikasema kesho atakuya. Nilikuwa nakuona Kakanda unanunua mayi ya kunywa kwa jirani. Ilikuwa inaniuma, usizani haikuniuma." Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Umechelewa. Lakini umekuya."

Naomi alikuwa ameacha kuhesabu. Bea akachukua yai kwenye trei, akalipima kidogo mkononi, na bila kunionya akanirushia.

"Kamata," akasema.

Natamani niwaambie nililidaka. Macho yangu yalikuwa na machozi, ni kweli, lakini sitatafuta jua lingine la kusingizia. Nililipiga kofi. Lilipasukia kwenye sare ya kwaya ya Naomi, kifuani, na kiini kikateremka taratibu hadi kwenye daftari.

Bea alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, akashika meza, akacheka mpaka wauza nyanya wakaja kuuliza kuna nini, na kicheko hicho kilikuwa cha yule msichana niliyekuwa navua naye viatu kwenye mkanda, sikukosea. Alipopata pumzi alimfuta mtoto kifua, akasema bila kunigeukia:

"Ataendelea. Weye umufundishe kurusha na kupiga. Kukamata, nitafundisha minye."

Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani na trei ya mayai yenye nyufa, yale yasiyouzika, mkamwona wenyewe, na kitenge chake, akisimama mahali pangu. Akaninyooshea kidole nikae kando. Nimekaa.